Tamasha la kwanza Nairobi: unatokaje bila madeni?

#1 Kijana_wa_Umoja
Wadau, habari. Tuko watu wanne, tumechanga pole pole tukafika laki tisa. Tunataka kufanya tamasha la chakula na muziki, Jumamosi moja tu, kwenye uwanja wa mtu binafsi upande wa Ngong Road. Hesabu yetu ni hii: watu 1,500, tiketi 1,000, hiyo milioni 1.5. Gharama zote zimefika milioni 1.3, na ndani yake kuna laki nne na nusu za msanii mmoja mkubwa, jina nalificha kwa sasa. Laki nne zinazopungua zitatoka kwa tiketi za mapema. Tunabaki na laki mbili, tunagawana, mwaka ujao tunarudia. Kila ninayemwonyesha anacheka tu, hanielezi anacheka nini. Nielezeni nyinyi.

#2 Nganya_ya_Rongai
Wanachekea hapo kwa "tunagawana".

#3 FundiSpika
Mimi nafunga mitambo ya sauti, na bajeti za waandaaji tunaziona sana kwa sababu zikibana sisi ndio wa kwanza kukatwa. Shida yako ni huyo nyota. Msanii wa laki nne na nusu hagharimu laki nne na nusu. Anakuja na orodha: spika za aina fulani, maikrofoni zisizo na waya, hema la kubadilishia nguo lenye kioo na sofa, magari mawili, chakula cha watu kumi na wawili na bendi yenyewe ni watano. Steji uliyopanga inakuwa ndogo, unaongeza. Taa zinaongezeka, jenereta moja haitoshi tena, unakodi ya pili na dizeli yake. Mabaunsa mbele ya steji nao wanaongezeka. Ukijumlisha vizuri utakuta amekula kama laki sita, na ameimba dakika arobaini.

#4 Mhasibu_Mstaafu
Kijana, natumia namba zako mwenyewe.

Hao 1,500 ni matumaini. Tuseme wanaolipa ni 900. Kati yao 500 wamenunua mapema kwa 700, maana hakuna wa kununua mapema kwa bei ya getini, na 400 wamelipa 1,000 getini. Hiyo ni 350,000 na 400,000, jumla 750,000. Kila kichwa kimekuletea wastani wa shilingi 833. Sasa gawanya milioni 1.3 kwa 833. Unahitaji watu kama 1,560 wanaolipa ndipo pesa zirudi, faida bado. Kwa hiyo hata hao 1,500 wakija wote bila kukosa mmoja, bado mmeramba hasara. Na hapo sijagusa binamu, waandishi wa habari na wale wa "mimi niko na msanii".

La pili ni laki nne za tiketi za mapema. Kampuni nyingi za kuuza tiketi mtandaoni humlipa mwandaaji baada ya tamasha kwisha, na siwalaumu, kwa sababu likifutwa ni wao watakaodaiwa na wateja. Mwenye tenti lakini anataka nusu kabla lori halijapakia. Kwa hiyo unaweza kuwa umeuza tiketi za kutosha na bado Alhamisi huna pesa ya kulipa mtu. Soma mkataba wao kabla hujaweka sahihi.

#5 Nganya_ya_Rongai
Mhasibu ulikuwa wapi nikilipia ukumbi wa harusi yangu?

#6 Kijana_wa_Umoja
Mhasibu asante. Nimerudia hizo namba kwa kalkuleta nikitafuta penye kukupinga, sijapaona. Ila sikuweka vibanda: viko 20 vya chakula, kila kimoja 5,000. Inasaidia?

#7 Mhasibu_Mstaafu
Inasaidia kwa laki moja. Tiketi zinabaki na mzigo wa milioni 1.2, yaani watu 1,440. Sasa mtoe nyota, na tusihesabu hata zile ziada za FundiSpika. Mzigo unashuka hadi 750,000. Watu 900 kamili.

#8 Dada_wa_Pangani
Hesabu nzuri, lakini mnapiga upande mmoja. Mkimtoa nyota, hao 900 wanakuja kumwona nani? Mtu wa Nairobi Jumamosi ana ngoma tano za kuchagua, mbili za bure. Anaangalia bango kwenye simu kwa sekunde chache, asipoona jina analolijua kidole kinapita. Tamasha bila nyota linahitaji matangazo mara mbili, kwa hiyo pesa mliyookoa huku inatokea kule.

Mimi ningeongea na msanii wa kati. Alipwe kidogo kwa uhakika, halafu mgao wa kila tiketi baada ya idadi fulani. Hapo atalitangaza kwa kurasa zake kama la kwake.

#9 FundiSpika
@Dada_wa_Pangani huyo wa kati atakubali ikiwa anakujua. Mwandaaji mpya asiye na jina anaambiwa nusu leo kama arbuni, na nusu ya pili kabla mguu haujakanyaga steji. Ukitaja mgao wa geti, meneja anauliza geti litahesabiwa na nani. Na ana haki ya kuuliza.

#10 MamaPilau_SouthB
Mwanangu wa Umoja, hiyo elfu tano ya kibanda si pesa ya bure. Acha nikuambie upande wetu.

Kuna tamasha moja, mwandaaji simtaji, tuliambiwa watu elfu tatu. Nikaenda na sufuria mbili kubwa za pilau, gunia zima la makaa na wasichana watatu wa kusaidia. Saa kumi jioni uwanja bado nyasi tupu, na walioingia wameshiba kwao. Ile mishikaki niliyoweka mapema ikawa inakauka pembeni ya jiko, nikawa naipaka mafuta na kuigeuza ionekane imetoka motoni sasa hivi. Wali wa chini ukashika sufuria. Kufika saa mbili sahani ya mia tatu nauza mia, na bado nikarudi na sufuria moja haijafunguliwa. Nilipomtafuta mwandaaji simu imezimwa.

Sasa wewe unasema vibanda ishirini. Kwa watu 900 hiyo ni watu 45 kwa kila kibanda, na si wote wanakula. Hapo hakuna mama anayerudisha pesa ya nyama. Mwaka ujao ukitupigia simu hatushiki, na tamasha la chakula bila wapishi utafanya na nini? Weka vibanda vinane, kila mtu na chakula chake, wawili wasiuze kitu kimoja.

#11 Mhasibu_Mstaafu
Mama, vinane ni 40,000 badala ya laki. Mzigo unarudi 810,000, watu 972. Lakini nakubaliana nawe.

#12 Kaunta_Safi
Mbona hamjataja vinywaji? Pesa ya tamasha iko kwenye vinywaji, tiketi ni ya kuwaleta watu karibu na kaunta tu. Mtu analipa 1,000 kuingia, kisha anakaa saa sita akinunua bia, soda na maji. Ukimwachia mwingine kaunta nzima kwa ada ndogo umempa faida yako. Endesha mwenyewe, na chukua mali kwa makubaliano kwamba kreti ambayo haijafunguliwa inarudishwa.

#13 Dada_wa_Pangani
Kampuni ya vinywaji ikija kukudhamini itataka mali yake peke yake uwanjani. Na leseni ya pombe ya siku hiyo isipotoka kaunti, kreti zitarudishwa zote.

#14 Geti_Kuu
Nimesimama kwenye mageti ya jiji hili kuliko mnavyodhani, na nawaambia hasara inaingia mlangoni. Mtu anaingia, bangili yake imefungwa ikilegea, anaivua na kuirusha juu ya ua kwa rafiki. Picha ya skrini ya tiketi moja inaingiza watano kwa sababu kijana mwenye skana amepoteza mtandao na foleni inapiga kelele. Anayelipa getini anaonyesha ujumbe wa M-Pesa alioutunga mwenyewe, na mlinzi anaangalia simu ya mteja badala ya simu ya mwandaaji inayopokea pesa. Halafu kuna mlinzi anayepokea mia tatu mkononi, na huyo kila mwandaaji anaye.

Geti liwe moja. Bangili ziwe zile zinazokatika ukizivua, zifungwe na mtu wako. Na awepo mtu wa tatu ambaye hapokei pesa wala hafungi bangili, kazi yake kuhesabu vichwa na kuandika kila saa.

Tamasha la Woodstock kule Marekani, 1969, waliacha ua. Kiwanja walihamishwa karibu mwezi mmoja kabla, muda haukutosha kumaliza steji na ua, wakachagua steji. Watu wakaingia bure na waandaaji wakabaki na deni la zaidi ya dola milioni.

#15 Msomaji_Mtaratibu
@Geti_Kuu ongeza kwamba tayari walikuwa wameuza tiketi karibu 186,000 kabla ya siku yenyewe, na bado hawakurudisha pesa. Kwa hiyo si ua peke yake, gharama zilikuwa zimeshawakimbia. Kilichowatoa ni filamu na rekodi za muziki wa pale, na hata hivyo ilichukua kama miaka kumi deni kuisha. Kijana, una kamera?

#16 Mtoto_wa_Mtandao
Basi mwisho itakuwa kama tamasha la Fyre kule Bahamas 2017. Watu walilipa maelfu ya dola wakapewa mkate na jibini.

#17 Msomaji_Mtaratibu
Ile haifai kuwa mfano hapa. Fyre iliishia mahakamani: Billy McFarland alikiri ulaghai na mwaka 2018 akahukumiwa miaka sita jela. Kijana hajamdanganya mtu, amejidanganya mwenyewe tu.

#18 Kijana_wa_Umoja
Asanteni kwa kunitetea, nadhani.

#19 Mvua_ya_Mawe
Tarehe! Watu wamefika posti ya 18 na hakuna aliyeuliza tarehe. Januari watu wanalia na karo. Machi hadi Mei masika. Juni na Julai ni baridi, na tangu 2024 hujui kama barabara zitapitika kwa maandamano ikikaribia tarehe 25 Juni au Saba Saba. Oktoba hadi Desemba vuli, kisha katikati ya Desemba nusu ya jiji imepanda basi kwenda ushago. Imebaki Februari, Agosti na Septemba, na kila mwandaaji aliyepiga hesabu hii amechukua Jumamosi zile zile. Ukipata moja, iwe ile ya mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imeingia. Tarehe 18 mtu anakupenda sana lakini hana nauli.

#20 FundiSpika
Hapa namuunga mkono. Kuna moja tulifanya Novemba, uwanja wa udongo mweusi ule unaoshika gurudumu. Mvua ilikuja saa tisa, tukafunika mashine ya sauti kwa turubai na mtu akasimama ameshika ncha upepo usiipeperushe. Watu walikimbilia chini ya tenti za wapishi, steji ikabaki inaimbia nyasi. Usiku lori la jenereta halikutoka. Ilibidi litafutwe trekta la kulivuta, na mwenye trekta akiona una shida ya usiku anataja bei yake ya usiku. Bajeti ya mwandaaji haikuwa na trekta. Kijana, yako inalo?

#21 Kijana_wa_Umoja
Halimo.

#22 Karani_wa_Vibali
Mnaenda mbio. Kabla ya trekta kuna vibali. Cha kelele kutoka NEMA (mamlaka ya mazingira), cha pombe, barua kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo, ambulensi, bima ya madhara kwa wahudhuriaji, na malipo ya haki za muziki hata kama ni diijei anacheza nyimbo za wengine. Watu huweka "vibali 20,000" kwa mstari mmoja kisha kanjo, askari wa kaunti, wanakuja saa kumi na mbili jioni kuzima spika.

#23 Mkazi_wa_Lavi
Marekebisho kidogo: kanuni za kelele za 2009 ndizo za NEMA, lakini kibali cha tamasha hapa Nairobi unakiomba kaunti. Mimi ni mmoja wa wale majirani wanaopiga simu kulalamika, kwa hiyo najua ninakopiga. Mkikaribia nyumba za watu, zungukeni wiki moja kabla na barua yenye saa ya kumaliza na namba ya simu inayoshikwa. Nikiwa na namba yenu nitawapigia nyinyi kwanza.

#24 Karani_wa_Vibali
Sawa, kaunti. Barua ya OCS upate nakala yenye muhuri, usikubali "tumeiona". Na kwenye haki za muziki uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki, ni chama kipi kina leseni mwaka huo kabla hujalipa, maana hubadilika na risiti ya asiye na leseni haikusaidii.

#25 Mswahili_wa_Pumwani
Assalam aleikum. Nimesoma yote, nashangaa hakuna aliyemtaja mdhamini. Tamasha gani hapa kwetu limeishi kwa tiketi tu? Sauti za Busara kule Zanzibar limeanza 2004, Ngome Kongwe ilikuwa ikijaa watu wa kila taifa, na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Lile lina jina dunia nzima, ndugu yangu. Wewe wa Umoja nani anakujua?

#26 Mhasibu_Mstaafu
@Mswahili_wa_Pumwani wa aleikum salaam. Huo mfano unakata kotekote. Anayeegemea wafadhili, wakiondoka anaanguka. Na mdhamini wa hapa mjini akikubali, atakupa LPO, yaani karatasi ya kuagiza tu, pesa zije siku 60 au 90 baada ya tamasha. Utakopa kwa riba ili umsubiri. Udhamini mzuri kwa mtu wa mara ya kwanza ni wa vitu: tenti, maji, vyoo vya kukodi, muda wa redio. Kila kitu ambacho hukulipia ni mzigo uliopungua leo, si Machi ijayo.

#27 Wikendi_Tulivu
Mimi naona wote mmeanzia mwisho. Tatizo lake ni kwamba hana watu wake. Tamasha la Blankets and Wine lilipoanza hapa Nairobi 2008, mwanzilishi wake, mwanamuziki Muthoni Drummer Queen, hakuanza na uwanja wa maelfu. Ilikuwa Jumapili ya kila mwezi, mtu anakuja na blanketi lake na kikapu chake, wanarudi kwa sababu walifurahi mwezi uliopita. Baadaye ndiyo ikakua ikavuka hadi Kampala. Kijana afanye kitu cha watu 150, Jumapili nne au tano, achukue namba za simu. Wakifika 600 kwenye orodha ndipo akodi steji.

Hata wakubwa walianza kwa maumivu. Glastonbury ya Uingereza, Septemba 1970: tiketi pauni moja na maziwa ya bure, wakaja kama watu 1,500, mwenye shamba Michael Eavis akapata hasara na akabaki anamlipa msanii mkuu kidogo kidogo kwa pesa za maziwa ya ng'ombe wake. Coachella ya Marekani, 1999, ilipoteza karibu dola 850,000, mwaka 2000 hawakufanya kabisa, wakarudi 2001 kwa siku moja badala ya mbili.

#28 Nganya_ya_Rongai
Kwa hiyo Kijana anahitaji ng'ombe.

#29 Dada_wa_Pangani
@Wikendi_Tulivu umetupa mifano miwili ya walioanza wakubwa wakapata hasara na bado leo wako. Hiyo si inasema ajaribu tu, mradi hasara isimmalize? Na hizo Jumapili za watu 150 nazo zina spika, tenti na vibali. Ukipoteza 20,000 mara tano umepoteza laki moja kabla ya siku kubwa.

#30 Wikendi_Tulivu
Umepoteza laki moja, una namba 600 za simu. Linganisha na laki tano na nusu na trekta.

#31 Mtoto_wa_Mtandao
Na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, je? Asilimia 16 ya kila tiketi inaenda KRA, kwa hiyo ile 833 ya Mhasibu si 833.

#32 Mhasibu_Mstaafu
Hiyo ni kwa aliyejisajili, na kiwango cha kulazimika ni mauzo ya milioni 5 kwa mwaka. Hawa hawafiki. Haimaanishi hawana kodi ya kulipa, ila 833 waiache.

#33 Geti_Kuu
Hiyo 833 itakuwa 600 kama wakiweka mageti mawili.

#34 MamaPilau_SouthB
Geti_Kuu wewe ukija kwangu nakupa sahani, lakini kibanda changu kisiwe karibu na vyoo. Waandaaji wote hutupanga huko mwisho kwa sababu ndiko kuna bomba la maji.

#35 Kaunta_Safi
Na mimi nisiwekwe mbali na steji.

#36 Kijana_wa_Umoja
Tumekaa jana usiku na wenzangu, nawapa tulipofika mtupige tena. Nyota tumemwacha, tunaongea na bendi mbili za kati na diijei mmoja. Vibanda vinane, Mama uko ndani ukitaka. Jumamosi ya mwisho ya Februari. Kaunta tunaendesha wenyewe. Geti moja. Laki moja tunaiweka pembeni na hatuigusi, ya mvua na trekta. Hatutumii pesa yoyote ya tiketi za mapema mpaka siku ipite. Na tumepanga mstari: wiki tatu kabla, zikiwa hazijauzwa tiketi 300, tunafuta na kurudishia watu. Mwenzetu mmoja hapendi huo mstari, anasema Wakenya wananunua Ijumaa usiku, tutafuta kitu ambacho kingejaa.

#37 Dada_wa_Pangani
Mwenzenu ana haki. 300 wiki tatu kabla ni nyingi kwa Nairobi, hasa tamasha jipya. Weka 150, au usogeze mstari hadi siku kumi kabla.

#38 Mhasibu_Mstaafu
Siku kumi kabla, arbuni zote zimeshaliwa, hapo hafuti kitu. Mstari lazima uwe kabla ya malipo makubwa, hata kama ni mapema mno kujua. Uliza kila mnayemlipa arbuni yake inarudi hadi tarehe gani, mstari uuweke siku moja kabla ya hiyo.

#39 FundiSpika
Sisi hairudi ikibaki wiki mbili. Wa tenti wengi ni wiki tatu, maana Jumamosi ya Februari wangeipa harusi.

#40 Nganya_ya_Rongai
Mmemaliza yote isipokuwa sisi. Mnafunga saa ngapi, na mmeongea na matatu ipi? Uwanja huo ikifika saa nne usiku kituo cha matatu hakina gari, na mtu wa Rongai akijua hivyo anatoka saa mbili. Kaunta_Safi, hizo ni saa mbili za bia zimeondoka.

#41 Kaunta_Safi
@Kijana_wa_Umoja jibu hili la Nganya kabla ya mengine yote.